Mlango wa Maabara ya Kwantumu Usifunguliwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe utakayeamua leo kama taasisi yetu ya fizikia iendelee kupumua au iunganishwe na idara ya michezo. Makamu Mkuu wa Chuo. Naibu wa Makamu. Kaimu wa Naibu. Wahadhiri, wanafunzi, na wewe mama mkwe, uliyekuja kuhakikisha kama kweli nina kazi (kicheko): kila mwenye cheo ajihesabu ametajwa.

Ndugu zangu, kwa mujibu wa mpango mkakati shirikishi, jumuishi na endelevu, mimi kama mkurugenzi nimesimamia maeneo matatu ya utafiti. La kwanza ni leza. Ipo, ila imeazimwa na kamati ya sherehe. La pili ni anga za juu, ambako darubini yetu kubwa ilifungwa kabla ya mtu kukumbuka kwamba chumba kina dari, na dari hiyo tumeshaichunguza kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi, safu ya mbele.)

La tatu, roho ya taasisi, ni Maabara ya Kwantumu, iliyo nyuma ya mlango huu hapa kulia kwangu, wenye kitasa cha shaba na utepe mwekundu.

(Mwanafunzi wa uzamivu, kutoka nyuma: "Mzee, tufungulie basi! Nasubiri huo mtambo wa kwantumu tangu sijaolewa!" Vicheko.)

Subira, binti yangu! Hata mimi fizikia nilipasi kwa huruma ya mwalimu, lakini hili lilinikaa: chembe za kwantumu zina haya kama bi harusi, ukizichungulia tu zinabadilika. Kwa hiyo, Mheshimiwa, utepe kata, mlango uache, maana ukiufungua utavuruga utafiti wote, na wahadhiri hawa, wenye watoto wa kulisha, kesho watafundisha kuruka viunzi.

(Mgeni Rasmi anakata utepe. Anashika kitasa. "Mbona hakizunguki?")

Hakizunguki, Mheshimiwa! Huo ndio usalama wa viwango vya kimataifa!

(Mgeni Rasmi anainamisha kichwa kwa heshima, anaachia kitasa: "Basi taasisi iendelee!" Vigelegele, mama mkwe amesimama.)

Fizikia! (Ioneni!) Kwantumu! (Msiichungulie!) Mtambo! (Uko njiani!)

Nawashukuru nyote, na kipekee fundi seremala wetu, ambaye jana aliubandika mlango huu kwa ustadi wa hali ya juu, bila hata kuutoboa ukuta.