Maji Saa Kumi na Mbili Kamili

Jumapili, 2 Machi

Siku kubwa! Mama mkwe anasafiri kesho kwenda kwa mwanawe aliyepata mapacha, na hatarudi mpaka Novemba. Katuita sisi wakwe wawili: mimi, fundi saa, na mwanyumba wangu kinyozi, aliyemwoa dada wa mke wangu. Sote tunakimezea mate chumba chake cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, ambacho mpangaji amekihama. Mimi ndiye mwenye shida nacho. Natengenezea saa kwenye meza ya chakula. Jana mke wangu kakuta springi kwenye chai. Kasema mwaka huu ukiisha ama saa zitoke ama yeye atoke, na kwamba yeye hana mpango wa kutoka.

Mama mkwe katupa kila mmoja chungu chenye ua jekundu lililosimama wima. Ndani ya udongo, anasema, mna tunguu moja, kitu mfano wa kitunguu. Atakayemwonyesha ua akirudi, chumba ni chake. Akaongeza kwamba likitaka kulala, tuliache lilale, maana tunguu kuukuu hufa likiwa limembeba mrithi wake mgongoni. Maneno ya wazee! Nikaitikia kwa adabu. Kinyozi naye akaitikia, tena kwa kuinama. Mnafiki mkubwa.

Jumatano, 5 Machi

Mkakati uko tayari. Maji asubuhi saa kumi na mbili kamili, maji jioni saa kumi na mbili kamili. Nimetega saa mbili za kengele, moja ikichelewa nyingine iiumbue. Nina miaka kumi na tisa katika ufundi na sijawahi kuona kitu kinachosimama kwa hiari yake. Saa ikisimama inataka ufunguo. Ua likisimama linataka maji. Mke wangu anasema ua langu litajua kuogelea kabla ya binti yetu. Wivu huo.

Jumamosi, 19 Aprili

Balaa. Ua limenyauka, na majani yameanza kuwa manjano nchani. Nimepandisha maji yawe mara nne kwa siku.

Mchana nimekwenda kwa kinyozi kunyolewa ndevu, kwa nia ya kupeleleza. Chungu chake kiko rafuni, kati ya poda na spiriti. Udongo mkavu kama unga! Nikamuuliza, kwa sauti ya msiba, anakinywesha lini. Akasema hakinyweshi tena. Majani yakishakauka atayakata, na siku ikifika yataota. Ndiyo akili ya kinyozi: maisha yake yote anakata vitu na kungoja viote. Nikaangua kicheko wembe ukiwa bado usoni. Nimerudi nyumbani na nusu ya sharubu, lakini nina furaha tele.

Jumatatu, 12 Mei

Majani yangu yote yamelala chali. Nimelifukua tunguu nilikague, kama ninavyofungua saa yoyote. Jamani! Nimekuta hujuma!

Tunguu la mama mkwe lipo chini, maskini, limekonda na kujikunja uso mzima. Juu ya mgongo wake limekaa jingine, nene, limenawiri, halina hata aibu. Pembeni limezungukwa na vitoto vidogo kama punje. Limempanda mwenzake na linamnyonya! Nani kaliweka? Sihitaji kuambiwa. Kinyozi alikuja hapa Jumapili kusalimia, akakaa karibu na chungu dakika nzima.

Nimeling'oa lile nene pamoja na ukoo wake na kulitupa nyuma ya nyumba, ukutani, kwenye vifusi. Lile konda nimelirudisha chunguni kwa heshima zote na kulimwagia makopo mawili ya maji ya pole.

Alhamisi, 26 Juni

Bado kimya. Chungu kimevuja mezani maji yakaingia kwenye saa ya ukutani ya mwalimu mkuu. Sasa inagonga mara nane ikifika saa saba, kisha inatoa sauti ya kukohoa. Mwalimu mkuu kauliza ni ufundi gani huu. Nikamwambia ni unyevu wa msimu.

Nimelitia tunguu matone matatu ya mafuta ya saa. Mafuta safi kabisa, yale ya saa za mkononi. Huenda limekaza tu. Mke wangu akachukua chai yake akaenda kukaa chumbani.

Ijumaa, 15 Agosti

LIMECHIPUA! Asubuhi nimekuta kitu cheupe, laini, kimeinua kichwa katikati ya tope. Nimelia, sioni haya kuandika. Nikakipiga picha kwa karibu na kumtumia mama mkwe, nikaandika kwamba mambo yameiva.

Jibu limekuja kabla sijamaliza chai. Ameandika kwamba huo ni uyoga, baba, na kwamba nisiule.

Kinyozi naye kamtumia picha: chungu cha udongo mkavu, hakina chochote. Mama mkwe kampongeza! Nadhani macho yake yameanza kuchoka. Nikirudi kwenye hali yangu ya kawaida nitampeleka kwa daktari.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua zimeanza. Hazinihusu, mimi nina ratiba yangu. Nimekwenda kunyolewa tena. Chungu cha kinyozi kina majani mawili ya kijani. Nimetazama pembeni.

Mke wangu anasema nyuma ya nyumba, kwenye vifusi, pameota majani marefu membamba yaliyochongoka. Nikamwambia ni magugu na kesho nitayafyeka. Akanikataza. Hata panga akalificha. Sina nafasi ya kubishana na mtu juu ya magugu, bado mwezi mmoja.

Jumapili, 9 Novemba

Siku yenyewe imefika.

Mama mkwe karudi. Kinyozi kaja na chungu chake: ua moja jekundu, zuri, kusema kweli. Mimi nikaja na changu nimekifunika kitambaa, nikiomba muujiza utokee njiani kati ya mlango na kiti. Nikafunua. Tope. Halafu harufu. Mama mkwe akaziba pua kwa upindo wa nguo, na kinyozi akaanza kupima dirisha kwa shubiri pale pale mbele yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo mke wangu alipomshika mama yake mkono akampeleka nyuma ya nyumba yetu, hatua chache kutoka pale. Tukafuata. Kwenye vifusi limesimama ua jekundu refu hadi kiunoni, mara mbili ya lile la kinyozi! Mama mkwe akauliza ni nani aliyelinywesha. Mke wangu akasema hakuna. Nani aliyelipanda? Akamjibu ni mimi, mumewe. Mama mkwe akanikumbatia, akasema hatimaye mkwe wake amejifunza kutulia.

Sikumsahihisha. Chumba ni changu!

Sharti moja. Ua limehamishiwa chunguni, litakaa dirishani mwa chumba, na majani yakigeuka manjano nisilitie hata tone. Nikitia tone, kinyozi anaingia.

Jumamosi, 20 Desemba

Wiki sita za peponi. Saa zangu zote ukutani, wateja wanaona jina langu wakiwa barabarani. Nyumbani mke wangu anakunywa chai bila kuichungulia. Jana kaniita mpenzi, mara ya kwanza tangu binti yetu aanze shule.

Lakini majani yameanza kuwa manjano nchani. Tangu juzi silali vizuri. Mama mkwe kanishtukia, kaleta kiti chake na fimbo, kakaa pembeni ya chungu kama askari wa benki. Leo baada ya chakula kasinzia. Nikamtazama. Nikalitazama ua. Wote wamesimama, kama saa iliyokosa ufunguo! Nikajiambia tone moja tu. Tone likaita mwenzake. Kopo lilipokwisha, maji yalikuwa yameshuka kutoka chunguni, yakafuata sakafu, yakaingia kwenye viatu vya mama mkwe.

Kaamka. Akanyoosha mkono akaomba funguo.

Jumapili, 21 Desemba

Kinyozi kaingiza kioo chake asubuhi. Mimi nimerudi mezani. Mke wangu kakuta skrubu kwenye chai, kaiweka mbele yangu taratibu, kasema zimebaki siku kumi. Hakuniita mpenzi. Imeniuma sana.

Mama mkwe kaniachia chungu, kasema hana moyo wa kukitazama. Vizuri. Nimelifukua tunguu nijue tatizo hasa ni nini. Sikuamini macho yangu! Jingine nene limelipanda tena mgongoni, na vitoto vyake! Kinyozi hana huruma kabisa. Nimeling'oa, nimelitupa kule kule ukutani. Lile konda, lililojikunja, mtu wangu wa siku zote, nimelirudisha chunguni.

Kesho naanza upya, saa kumi na mbili kamili. Safari hii nimetega saa tatu.