Kaseti Niliyoifunga Mwenyewe

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nimemrekodia Triza kaseti. Dakika kumi na mbili! Nimemwambia yote: kwamba nampenda, na kwamba kwaya niliingia kwa ajili yake. Kuimba sijui, huwa nachezesha mdomo tu. Nitampa Jumapili, kabla Griffins, yule mwimbaji wetu wa sauti ya tena anayejiona, hajanitangulia. Kisha nimevunja vile viplastiki viwili vya juu ya kaseti. Imefungwa! Hata ikipotea hakuna atakayeisikiliza. Mimi bwana!

Jumanne, 7 Juni
Redio imeibwa! Niliiacha dirishani ishike stesheni vizuri, nikaenda bombani. Kaseti ilikuwa ndani. Majirani hapa Mbotela wananipa pole ya redio. Redio wachukue! Siri yangu je? Hata ugali haupiti. Afadhali viplastiki nilivunja.

Alhamisi, 9 Juni
Nimeitafuta redio hadi Kariobangi, kwa fundi Nuh. Sijafika, nikasikia sauti yangu: Triza, ukiimba mimi hupotea. Wateja wanne wanasikiliza. Ee Mungu wangu! Nuh akasema mtu asiyemjua aliileta itengenezwe, hajarudi. Nikajifanya mnunuzi, nikaifanya sauti nzito, nikaomba kujaribu kurekodi. Shabaha: kufuta yote. Batani ikagoma. Nuh akanieleza taratibu kwamba kuvunja viplastiki huzuia kufuta. Kusikiliza, anasikiliza yeyote. Kisha akaniuliza huyo Triza ni nani.

Nikalia. Akaniagizia chai. Akasema angeweza kuziba matundu ya viplastiki kwa selotepu ili ifutike, lakini hataki. Mama yake aliye Garissa humtumia barua za kaseti, na sauti ya mtu yeye hafuti. Akanirudishia vyote. Ana roho nzuri, Nuh.

Jumapili, 12 Juni
Baada ya ibada Triza akaniita kando. Kumbe Jumatano alipeleka pasi kwa Nuh! Aliisikia kaseti yote, akaomba irudishwe mwanzo. Akasema kuhusu kuchezesha mdomo alijua tangu Krismasi: husimama mbele yangu na hajawahi kunisikia. Jibu analo, ila anataka kwanza nimwambie mwenyewe, ana kwa ana, kesho. Nikakubali. Jamani, nina furaha!

Jioni. Ana kwa ana nitakwama. Nimemrekodia kaseti nyingine, bora zaidi, hata jina la mtoto wetu wa kwanza limo. Viplastiki nimevunja. Redio nimeiweka dirishani, kaseti ikiwa ndani; ndipo inaposhika vizuri. Acha nikimbie bombani mara moja.