Leseni ya Kuchenjua Figo

Jumatatu, saa mbili na dakika tano asubuhi, lori lilishusha kreti moja mbele ya Hospitali ya Buzegwa. Mimi, katibu wa bodi ya hospitali, nilikuwepo. Hati ya mzigo ilisema: “Mashine ya kuchuja na kusafisha.” Wilaya yetu ikawa imeingia rasmi katika zama za tiba ya figo.

Afisa mapokezi, Valerian, aliisoma hati. Katika ukanda wetu wa dhahabu kitu cha kuchuja na kusafisha ni kimoja tu, kwa hiyo akaandika kwenye leja: mtambo wa uchenjuaji wa madini. Leja haikosei. Na kwa kuwa mtambo wa uchenjuaji hauwashwi bila leseni, mwenyekiti wetu wa bodi, Ndugu Bartholomeo, aliufungia chumbani kwa kufuli na kuunda Kamati ya Uratibu wa Usafishaji. Wajumbe kumi na mmoja, wote wenye figo nzima kwa mujibu wa taarifa zilizokuwepo.

Muuguzi Scolastika alipinga.

“Mwenyekiti, hii inasafisha damu ya mtu.”

“Sista, wewe umesomea madini?”

“Nimesomea figo.”

“Basi kila mtu abaki kwenye fani yake.”

Siku mafundi walipomaliza kuisimika mashine, alifika Vumilia, Mama Aneth, kutoka Runzewe. Figo za mumewe, Jilala, zimekufa zote mbili. Husafishwa damu Mwanza mara tatu kwa wiki. Walikuwa wamekosa safari mbili. Jilala alibaki nje kwenye bajaji, miguu imevimba, anahema.

“Ana siku tano hajasafishwa, mwenyekiti.”

“Siku tano za kazi, au umehesabu na wikiendi?”

“Figo hazijui wikiendi, baba.”

“Mayu, mama yangu, maombi ya leseni tumeshatuma. Majibu ni ndani ya siku tisini.”

“Siku tisini mtanikuta nimeshamaliza hadi arobaini yake. Leseni yenyewe ya nini?”

“Ya uchenjuaji.”

Mama Aneth alifungua mkoba. Ana makarasha mawili ya kusaga mawe ya dhahabu upande wa Bulyanhulu. Leseni yake ilikuwa hai, muhuri unasomeka, na inamruhusu kuchenjua mzigo wake wa mawe na wa wateja. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akaiinua kwenye mwanga. Utaratibu ni utaratibu. Kamati ilimkabidhi ufunguo, na barua: mzigo wowote usiingie bila ridhaa ya mwenye leseni.

Scolastika alimuunganisha Jilala saa tano. Saa tisa alishuka akiwa amepungua kilo mbili na nusu.

“Hizo kilo zimetoroshewa wapi?” aliuliza mwenyekiti.

“Ni maji. Yameingia bomba la majitaka.”

“Kuna shahidi?”

Nilirekodi: upotevu wa mzigo, unachunguzwa.

Wiki tatu baadaye, Mama Aneth akiwa na wagonjwa sita kwenye daftari, Ndugu Bartholomeo alipimwa kwa sababu ya uchovu. Figo zake zilikuwa zikifanya kazi kwa asilimia sita tu. Daktari aliandika: aanze leo. Mwenyekiti aliniagiza nikachukue ufunguo. Nilimsomea ile barua ya kamati, yenye saini yake.

Alikwenda mwenyewe. Ana miaka sitini na moja. Mama Aneth, thelathini na minane.

“Shikamoo, Mama Aneth.”

“Marahaba. Mzigo uko wapi?”

“Ni mimi.”

Mama Aneth alimwandika kwenye daftari, akamwonyesha benchi, nyuma ya Jilala. Saa nne na nusu asubuhi, mwenyekiti aliketi.