Namna Nilivyoingia Kwenye Picha ya Maporomoko

Jumatatu, 18 Juni 1838
Mchoraji wa Kijerumani amefika hapa Tivoli, jirani na Roma, kuchora maporomoko ya maji na pango. Anataka mtu wa kusimama mdomoni mwa pango. Kanichagua mimi, mkodisha punda! Oreste kinyozi kanuna. Mwaka jana alichorwa kama jambazi, na mpaka leo hatupumui kwa majigambo yake. Nimemwambia Bi Nazzarena, mjane mwenye nyumba ya wageni, kwamba nitaonekana Roma nzima. Akasema akiniona kwenye picha, Jumapili, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, nitakula konokono wa sikukuu mezani kwake. Mezani kwake! Nampenda yule mama, sifichi. Posa imeiva.

Jumanne, 19 Juni
Msiba. Nimechungulia turubai. Maji makubwa kama kanisa, mimi punje ya mchele! Bi Nazzarena ataniona wapi? Basi kila mara Mjerumani alipoinama kuchovya brashi, nikasogea mbele. Kufika adhuhuri, kidogo nimkanyage. Akaniuliza kama naumwa. Kisha akanirudisha, tena mbali kuliko mwanzo.

Alhamisi, 21 Juni
Hila mpya: kofia nyekundu ya marehemu baba, na mkono juu. Nimelowa chapachapa. Oreste kapita darajani, akapaza sauti: "Evaristo we! Unazama, au unauza samaki?" Mpumbavu. Sikushusha mkono mpaka ukafa ganzi.

Jumamosi, 23 Juni
Picha imekwisha. Kanichora mgongo! Kofia ipo, uso hakuna. Nikalalamika. Akanieleza kwa upole kwamba mtu huwekwa pale ili watazamaji wajue maporomoko yana ukubwa gani. Nimewaza njia nzima. Kumbe! Bila mimi, yale maji ni mfereji tu.

Jumapili, 24 Juni
Mjerumani kaleta picha kwa Bi Nazzarena. Mama akaitazama weee, akauliza niko wapi. Nikamwonyesha. Akavaa miwani. Akacheka mpaka akatafuta kiti. "Haya, njoo ule, we mdudu mwenye kofia!"

Nimekula konokono kando yake, Oreste akitumbua macho kule mlangoni. Raha iliyoje! Nikamfafanulia mjane kwamba Mjerumani alihitaji kitu cha kupimia maji, akachagua mtu mkubwa kuliko wote Tivoli. Akasema nile, nisiongee. Kavutiwa, ni wazi.

Kesho anakuja mchoraji wa Kifaransa. Huyo nitamwambia mapema: akinitaka, maporomoko ayasogeze nyuma kidogo.