Kanuni ya Sekunde Kumi

Kriiing.

Hiyo ndiyo sauti ya haki. Mgeni wa mahakama yetu huisikia tangu getini, kabla hajaona hata ubao wa matangazo, na wengi huuliza nani anachemsha mayai. Hawakosei sana. Kidude chenyewe, kengele ya kupimia muda wa kupika, tulikiazima kantini. Lakini tangu mimi, Karani Mkuu, nitunge Kanuni ya Kumi na Nne, kifungu (c), kidude hicho ni chombo cha dola.

Kwa heshima na taadhima nautangazia umma kwamba tatizo la washtakiwa wenye shida ya kuongea limekwisha. Zamani mtu wa namna hiyo aliulizwa swali, akatafuta neno, akalikosa, akatafuta jingine, na chakula cha mchana cha Mheshimiwa Hakimu kikapoa. Sasa kila anayehojiwa, bila ubaguzi, ana sekunde kumi. Kengele ikilia hajamaliza, inaandikwa: amekubali. Maneno "bila ubaguzi" niliyaweka mimi mwenyewe. Nilitaka kanuni iwe na huruma.

Wa kwanza kunufaika alikuwa fundi saa wa hapo kona. Mikono yake ni dhahabu, ulimi mzito tangu utotoni. Si kiziwi, wala si mjinga. Ila sentensi ndefu humponyoka katikati, na akijibu, maneno yake huja moja moja, kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Alishtakiwa kuiba saa ya ukutani ya mahakama. Kosa hilo ni miaka mitatu jela.

Tulimjali sana. Kwa kuzingatia mahitaji yake maalumu, nilimsomea shtaka kwa sauti kubwa zaidi.

"Kwamba wewe, bila idhini na kwa nia ovu, ulitwaa, ukahamisha na ukajimilikisha kifaa cha kupimia muda, mali ya umma. Je, wakubali au wakana kwamba ulikichukua?"

Fundi akanitazama usoni kwa muda, sekunde nne nzima za serikali.

"Ndiyo," akasema. "Ila... u... uli..."

Kriiing.

"Amekubali," nikaandika. Nina mwandiko mzuri.

Nyuma kabisa akasimama dada yake, bado kavaa aproni ya saluni. "Hajamaliza, mzee. Muulize kifupi, halafu unyamaze."

"Dada, hapa ni mahakama, si kliniki."

"Nimeona. Kliniki wangemsikiliza."

Watu wakacheka. Hukumu ikapangwa Jumanne, na fundi akapewa wakili wa kumtetea kwa gharama ya serikali, kwa sababu fomu ina nafasi ya jina la wakili na haipendezi ikiachwa wazi.

Kwa utaratibu wetu, wakili wa kupangiwa hukutana na mteja wake mlangoni, wakashikana mikono, wakaingia kushindwa. Huyu, binti wa juzi tu, alikwenda kukaa siku tatu kibandani kwa fundi, aliyekuwa nje kwa dhamana. Nilipita nikamwona anauliza maneno manne, kisha ananyamaza. Nikaenda kununua vocha, nikarudi. Bado kanyamaza, na fundi anachora kwa penseli. Nikawaambia wenzangu ofisini: ile kesi imekwisha, hata wakili kaishiwa maneno.

Jumanne, kabla ya hukumu, wakili akaomba kuita shahidi mmoja. Mimi. Nilifurahi, hatimaye kuna mtu anataka kunisikiliza. Nikala kiapo.

"Shikamoo, Karani Mkuu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mheshimiwa, naomba kengele ya kifungu (c) itumike."

Hakimu akatazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa sita kasoro. "Itumike. Si imeandikwa bila ubaguzi?"

Wakili akainua michoro ya fundi. Wa kwanza: saa ukutani, imesimama. Wa pili: mtu juu ya kiti anaiteremsha. Wa tatu: mtu huyo anamkabidhi fundi. Mtu wa kwenye kiti alikuwa na kitambi, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Ukumbi mzima ukageukia miwani yangu.

Sasa, ukweli wa kiutawala ni huu. Saa ilisimama. Fomu ya matengenezo huchukua miezi tisa, kwa hiyo nikampa fundi mkono kwa mkono. Kisha wakaguzi wakauliza saa iko wapi, na fomu haikuwepo. Mali iliyotoka bila fomu, kitaratibu, imeibwa; nikaripoti hivyo. Nami nilijua fundi hawezi kumaliza sentensi ndani ya sekunde kumi. Wenye wivu wataita hila. Ofisini tunaita usimamizi wa vihatarishi.

"Wewe ndiye ulimpa saa?" akauliza wakili. Kisha akanyamaza.

"Kwa kuanzia," nikasema, "na bila kuathiri yatakayofuata, ni vyema ikaeleweka kwamba ofisi yangu, katika muktadha mpana wa utunzaji wa mali za..."

Kriiing.

"Mheshimiwa, ndiyo kwanza nafika kwenye..."

"Amekubali," akasema Hakimu. "Andika, karani."

Nikaandika. Kazi ni kazi.

Wakili akaomba kidude kifungiwe kwenye droo. Akamgeukia fundi. "Saa iko wapi?"

Feni ikazunguka. Mtu akakohoa. Tukasubiri.

"Kwa... ngu," akasema fundi. "Ali... nipa. Niiteng... eneze." Akapumua. "Imepona."

Dakika moja, labda na nusu. Fundi akaachiwa huru, na Hakimu akakikuta chakula bado cha moto.

Kesi yangu ni Alhamisi: kutoa taarifa ya uongo. Nimeomba Kanuni ya Kumi na Nne ipitiwe upya. Nimejibiwa kwamba kuna fomu.

Jioni ile nilimkuta fundi kwenye korido, kabana kwapani saa iliyofungwa taulo, anasubiri wa kuipokea. Nilifungua mdomo nitoe tamko. Halikutoka. Fundi hakugeuka wala hakunisaidia. Akasubiri tu, kama mtu ambaye siku nzima ni yake.

"Naogopa," nikasema mwishowe.

Akaitikia kwa kichwa kwamba amenisikia. Kisha ikawa zamu yangu kusubiri.

"Alha... misi," akasema, "nitakuja." Akaihamishia saa kwapa la pili. "Kile kidude... nitakitengeneza. Kiende... pole... pole."