Jino la Shani Lirudi Kwenye Bati

Chitete, Momba,
Agosti 2014

Kwa Mwenyekiti,
Mkutano wa Wataalamu wa Mifupa na Meno,
Tunduma.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini mmemaliza mkutano salama na meno yenu yote. Huku kwetu hatujambo, ila jino moja la mjukuu wangu Shani, wa darasa la pili, bado mnalo ninyi. Kijana wenu Lucky alipita shuleni kabla ya mkutano kukusanya meno ya watoto yaliyong'oka, akagawa kalamu kwa waliotoa, akaandika jina kwa kila jino, akaondoka na chupa. Ndani ya chupa hiyo ndimo shida zangu zilimoanzia.

1. Kwetu jino la mtoto likitoka, hurushwa juu ya paa ili jipya liote. Nimeezeka bati jipya mwaka jana na jino la Shani ndilo lingelizindua. Mimi mwenyewe niling'olewa jino la mbele mwaka huohuo, lakini nililiweka kwenye kiberiti juu ya kabati, maana mzee akionekana anarushia paa meno watu watasema karudia utoto. Kwa hiyo bati langu halijapokea kitu mpaka leo.

2. Tangu siku ile Shani anaziba mdomo kwa kiganja. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akicheka mpaka ndama wanaacha kunyonya. Sasa nikikaa naye kula, nikiufungua tu mdomo wangu kumtania, anaziba wake na kugeukia ukutani. Nyumba imepoa, Mwenyekiti. Naumia, na sioni haya kukuandikia hivyo.

3. Mwalimu Edina, aliyealikwa kuwakilisha shule, ameniambia kwamba jino lilioneshwa ukutani kwa mashine, kubwa kama mlango, na mabingwa wakasimama kulishangaa. Mlisema limesagika kama la mtu aliyetafuna miaka mingi, tena lina rangi ya tumbaku. Tumbaku! Mtoto wa darasa la pili! Sasa mwalimu mkuu anataka cheti cha kuzaliwa, na majirani wananiuliza kwa upole kama Shani ni mjukuu wangu au ni dada yangu.

4. Nasikia wapo wataalamu waliotoka ng'ambo ya mpaka. Mmoja wao akilibeba jino, akafika kwake Zambia na kulirusha juu ya paa lake kwa bahati mbaya, jipya litaotea upande gani? Likiotea kule, mtoto atalipitisha vipi pale mpakani, na ushuru wake ni wa bidhaa gani? Naomba mlijibu hili kwa maandishi, maana maofisa wa pale hawaelewi maneno matupu.

5. Hili ni dogo lakini limenikera. Mwalimu Edina anasema chakula cha mchana mliagiza nyama isiyo na mfupa. Watu wa mifupa!

Kwa hiyo naomba ninyi viongozi wa mkutano mje Chitete na jino hilo, mje na ngazi, na wewe Mwenyekiti ulirushe mwenyewe mbele ya mtoto. Msije na gari dogo, barabara yetu mnaisikia. Ikiwa itawang'oa meno njiani, msihofu, bati ni pana.

Wasalimie wataalamu wote, wenye meno yao na wenye ya kubandika. Msalimie na Lucky, mwambie kalamu yake haiandiki.

Ni mimi niliyenyimwa kicheko nyumbani kwangu,

Jilala Bugalama,
Babu yake Shani.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimempa Shani aisome barua kwa sauti, nipate kujua kama ninasomeka. Amefika namba tatu akaanguka chini kwa kicheko, mikono yote miwili tumboni, mdomo wazi. Nimeona jino jipya limeshachungulia. Kumbe lake alilirusha juu ya bati jioni ileile lilipotoka, na alipoitaka kalamu akampelekea Lucky lile la kwenye kiberiti. Muda wote huu alikuwa anaziba mdomo asije akanicheka kila akiliona pengo langu na kukumbuka jino langu liko wapi. Basi namba moja mpaka nne zifuteni, na tumbaku ni yangu. Ngazi hatuihitaji tena, Shani anasema atanishika mkono nikirusha. Lakini jino lileteni upesi, kwa sababu la kwake nimeliona kwa macho yangu kwamba limeota.