Dubu Hatupwi Jalalani

Jumapili, 26 Desemba

Aibu tupu mbele ya kanisa! Ibada imekwisha, watu wamewasha pikipiki zao za theluji, wameondoka. Nimebaki mimi na Dubu wangu, pikipiki kuukuu kuliko zote, navuta kamba ya kuiwashia, navuta, navuta. Kimya! Oleepeeka, mke wangu wa ndoa, alikaa nyuma yangu akivumilia, kisha akashuka, akapanda pikipiki ya Ipeelie, akaenda zake.

Ipeelie! Acha niandike habari zake hasira zikiwa bado moto. Ni jirani yetu, ana miaka ishirini na minne, ndevu zenyewe za kubahatisha. Lakini alipozaliwa alipewa jina la marehemu baba yangu, na kwetu jina ndiye mtu. Basi ni baba yangu. Mimi na mvi zangu namwita Baba, naye ananiita mwanangu, tena dukani, kwa sauti. Leo amenipungia mkono akapaza: "Taratibu mwanangu, utavunja kiuno!"

Nyumbani, hukumu. Oleepeeka amesema Ijumaa kuna mbio za kufunga mwaka. Dubu asipowaka na kumaliza mbio, anakwenda jalalani, na mahali pake litawekwa friza la nyama. Dubu! Miaka kumi na tisa tuko pamoja. Upepo ulipofuta njia zote, ni yeye aliyenifikisha nyumbani. Nampenda. Sioni haya kuandika.

Jumatatu, 27 Desemba

Nimepiga simu redio ya kijiji. Nilikusudia kuwatakia watu heri ya sikukuu tu. Badala yake nimetangaza kwamba Ijumaa Dubu atawaka kwa mvuto mmoja. Mmoja! Mdomo uliponza kichwa.

Baada yangu tu, Ipeelie naye akapiga. Akawaomba radhi wasikilizaji wote, akasema mtoto ni wake, na alimdekeza mno utotoni. Nilisikia nyumba ya jirani ikicheka. Na ya pili yake.

Jumanne, 28 Desemba

Mpango wa kwanza: kupasha moto plagi za injini. Plagi ya moto, cheche ya moto, kila mtu anajua. Nimezitia ndani ya oveni. Sikuangalia kwamba mlikuwa na mkate wa Oleepeeka.

Mkate umenukia petroli. Nimeamriwa niumalize peke yangu. Nimeumaliza.

Nje, plagi moja ikaniponyoka, ikazama kwenye theluji. Nikapiga magoti kuitafuta. Ipeelie akapita, akauliza kama nasali, maana kwa hali ya Dubu hata yeye angesali. Nilipoipata ilikuwa baridi kuliko pua yangu.

Jumatano, 29 Desemba

Ipeelie amekuja na ushauri, bila kuombwa. Kwanza vuta polepole swichi ikiwa imezimwa, injini ilainike. Mlaze Dubu ubavu, uzungushe mkanda wa chini anaotembelea. Na usiku weka vijiti chini ya mkanda usigande na theluji. Nikamwambia nilikuwa nawasha pikipiki yeye akiwa bado kwenye nepi. Akanijibu kwa upole kwamba ndiyo, na yeye ndiye aliyenifundisha.

Nikamfungia mlango.

Vijiti! Upuuzi wa vijana.

Alhamisi, 30 Desemba

Akili ni mali! Nimesoma kanuni za mbio zilizobandikwa dukani. Injini isiwashwe siku ya mbio kabla ya bunduki kulia. Basi. Hakuna panaposema pikipiki isilale ndani ya nyumba.

Nimeng'oa mlango, nimemwingiza Dubu sebuleni. Amejaa mpaka kwenye kochi. Tumekula nyama ya sili sakafuni, kwenye kipande cha boksi, matone yakitudondokea kutoka kwenye usukani. Oleepeeka ameuliza kama leo nitalala naye au na Dubu. Nalala na Dubu.

Ijumaa, 31 Desemba

Nyuzi arobaini na tatu chini ya sifuri. Nimemsukuma Dubu mpaka kwenye barafu ya ghuba, injini imefunikwa kwa godoro letu. Kisha sala. Kisha hotuba. Kisha hotuba nyingine. Hatimaye bunduki ikalia!

Tukakimbilia pikipiki zetu. Nikaanguka, nikainuka, nikatupa godoro, nikavuta mara moja. DUBU AKANGURUMA! Mvuto mmoja! Nililia, machozi yakaganda kwenye kope. Wenzangu wote walikuwa bado wanavuta.

Nikaminya gesi. Dubu hakusogea. Nikaminya tena. Moshi! Ule mkanda wenye joto la sebuleni uliyeyusha theluji, na wakati wa hotuba maji yake yakaganda, yakaushika. Dubu alikuwa amegandamana na bahari.

Wakawasha mmoja mmoja, wakanipita. Ipeelie alikuwa anaongoza. Namwona Oleepeeka kaziba uso. Namwona Dubu yuko jalalani. Mara Ipeelie akageuza! Akarudi, akazima injini, akaja mbio na mtaimbo, akaanza kupasua barafu chini ya mkanda huku akifoka: "Vijiti, mwanangu! Si nilikwambia vijiti?" Nikamuuliza: kwa nini umerudi, Baba? Akasema hawezi kumwacha mtoto barafuni, watu watamwonaje.

Kraa! Dubu akachomoka. Nikaenda kama risasi. Nilipotazama nyuma, Ipeelie alikuwa anavuta kamba. Anavuta, anavuta. Kimya!

Nilifurahi sana, naandika ukweli. Furaha ile ilidumu mpaka nilipomwona amevua glavu, vidole wazi kwenye baridi ile. Nikageuza. Nikaifunga pikipiki yake kwa kamba, nikamburuta ghuba nzima, yeye nyuma akipiga kelele za kuniongoza, mimi nikijifanya sisikii. Tumekuwa wa mwisho. Yaani yeye wa mwisho, mimi wa pili kutoka mwisho. Watu walishangilia kuliko walivyomshangilia mshindi.

Oleepeeka alinikumbatia akaninusa shavuni, ndiyo busu la kwetu, mbele ya kijiji kizima. Dubu habanduki nyumbani kwetu. Sijawahi kuwa na furaha kama hii!

Jumamosi, 1 Januari

Watu wanapita kunipa mkono, na kila mmoja ananishauri vijiti. Nawaitikia kwa adabu. Hawajaelewa. Kosa halikuwa joto, kosa lilikuwa joto kidogo! Mkanda ulikuwa na moto, lakini ile theluji chini yake ilikuwa baridi. Kesho kabla ya ibada nitaimwagia maji yanayochemka, mengi, pande zote za Dubu.

Oleepeeka ameuliza mbona nimejaza maji kwenye masufuria yote ya nyumba. Nimemwambia ni ya chai.